Mchoro Ulio Juu ya Mlango wa Mkuu wa Posta

Mwaka 1976 posta kuu ya Richmond, California, ilikuwa kwenye ukarabati. Mchoro mkubwa uliokuwa umebandikwa ukutani tangu 1941, kazi ya Victor Arnautoff, ukabanduliwa. Ukarabati ukaisha, mchoro haukurudi. Miaka ikapita, ukahesabiwa kuwa umepotea. Mwaka 2014 ukakutwa ndani ya sanduku la mbao kwenye ghala la chini la posta ileile. Muda wote huo haukuwa umetoka nje ya jengo.

Visa vya namna hii ni vingi kuliko mtu anavyodhani. Kati ya 1934 na 1943 serikali kuu ya Marekani ililipia michoro ya ukutani na michongo katika posta zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za miji midogo ambayo hata kwenye ramani unaitafuta kwa shida. Mingi ya michoro hiyo bado ipo. Mingine imehamishwa, mingine imefunikwa kwa pazia, mingine imepakwa rangi juu yake, na mingine hakuna anayejua ilikokwenda. Anayeanza kuifuatilia hukwama mapema, na mara nyingi kinachomkwamisha ni jina. Karibu kila mtu, hadi karani wa kaunta, huiita "michoro ya WPA", shirika la ajira la serikali kuu la miaka ile. Mingi si ya WPA. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalokupeleka kwenye nyaraka zisizo zake na kwa mmiliki asiye wake. Kwa hiyo tuanze na suala la nani alilipa.

Mifuko minne, jina moja

Mei 1933, Mdororo Mkuu wa uchumi ukiwa umebana kila mtu, mchoraji George Biddle alimwandikia barua Rais Franklin Roosevelt, ambaye walisoma shule moja. Alimweleza habari za Mexico, jinsi serikali ya kule ilivyowapa wachoraji kama Diego Rivera kuta za majengo ya umma, wakazichora kwa ujira wa fundi bomba. Wazo likampendeza Rais. Desemba ya mwaka huohuo ukaanzishwa mpango wa dharura uliofupishwa PWAP, chini ya Hazina, yaani wizara ya fedha. Aliyeusimamia ni Edward Bruce, mtu aliyekuwa mwanasheria, mfanyabiashara na mchoraji, vyote kwa wakati wake. Mpango huo ulidumu hadi katikati ya 1934 tu.

Oktoba 1934 Hazina ikaunda chombo cha kudumu zaidi, Kitengo cha Uchoraji na Uchongaji, Bruce akiwa kiongozi tena. Msomaji anaweza kushangaa Hazina inahusika vipi na sanaa. Wakati ule ndiyo iliyojenga majengo ya serikali kuu: posta, mahakama, ofisi za forodha. Utaratibu ulikuwa kutenga takriban asilimia 1 ya gharama ya jengo kwa ajili ya sanaa, fedha zikiruhusu. Kitengo hakikuuliza mchoraji ana njaa kiasi gani. Kiliuliza kama anajua kazi. Mashindano yaliendeshwa bila majina, waamuzi wakaona rasimu tu, na aliyeshinda akasaini mkataba wa kazi moja.

WPA ni kitu kingine. Mwaka 1935 shirika hilo kubwa la ajira lilianzisha mradi wake wa sanaa chini ya Holger Cahill, na lengo lake lilikuwa kumpa mchoraji asiye na kazi mshahara wa kila wiki. New York ulikuwa kama dola 23.86. Wachoraji hao walipelekwa kwenye shule, hospitali, maktaba, viwanja vya ndege, yaani majengo ambayo kwa kawaida yalikuwa ya miji na majimbo. Posta haikuwa uwanja wao.

Ingekuwa hivyo tu, mambo yangekuwa mepesi. Lakini mwaka huohuo wa 1935 Hazina ikapewa fungu la fedha kutoka WPA, ikaanzisha mradi wa nne, TRAP, chini ya mchoraji Olin Dows, na sehemu ya kazi zake zikaishia kwenye kuta za posta. Mchoro wa Archibald Motley wa gari la farasi la barua katika posta ya Wood River, Illinois, wa 1937, ulitoka kwenye mfuko huu. Ule wa Suzanne Scheuer katika posta kuu ya Berkeley, California, pia. Fedha za WPA, usimamizi wa Hazina, ukuta wa posta! Ndiyo maana kosa la jina halifi, na ndiyo maana mtu akikubishia kwamba mchoro wa posta yao ni wa WPA kweli, usimkatalie kabla hujatazama faili.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: ukuta wa shule au hospitali, anza na WPA, ukuta wa posta au mahakama ya serikali kuu, anza na Kitengo. Mwaka 1939 Kitengo kilihamishwa kutoka Hazina kwenda Shirika la Kazi za Umma la serikali kuu, jina lake nalo likiwa limebadilika kuwa Kitengo cha Sanaa. Vita vikakimaliza. Bruce alifariki Januari 1943, na mwaka huohuo ofisi ikafungwa.

Soma jiwe la msingi

Ukifika kwenye jengo, usikimbilie ndani. Tafuta jiwe la msingi, ambalo kwa kawaida liko kwenye kona ya mbele, chini. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki mawe haya tunayajua, na jina la mgeni rasmi huwa kubwa kuliko la mji wenyewe. Kwenye posta za Marekani za miaka ile majina hayo ni saa na kalenda.

Ukikuta Henry Morgenthau Jr., Waziri wa Fedha, pamoja na James A. Farley, mkuu wa posta wa nchi nzima, na Louis A. Simon, msanifu msimamizi, uko palepale panapotakiwa: jengo ni la kuanzia 1934 na nafasi ya kukuta sanaa ni nzuri. Ukikuta John M. Carmody na jina la Federal Works Agency, lile Shirika la Kazi za Umma, jengo ni la kati ya 1939 na 1941, na nafasi bado nzuri. Ukikuta Andrew Mellon au Ogden Mills na msanifu James A. Wetmore, jengo lilianza kabla Roosevelt hajaingia madarakani. Usikate tamaa hapo, maana baadhi ya majengo hayo yalipata sanaa baadaye, lakini punguza matumaini. Jengo la miaka ya 1950 au 1960 likiwa na mchoro wa zamani, mchoro huo umehamia, na kazi yako sasa ni kutafuta posta iliyotangulia.

Hilo la mwisho huwachanganya wengi. Orodha zilizochapishwa zinataja mji, si jengo. Mtu anaandika jina la mji kwenye simu, anapelekwa posta mpya pembezoni mwa barabara kuu, anakuta kaunta, mashine ya kujipimia mizigo na ukuta mtupu, anarudi akisema mchoro haupo. Kumbe posta ya zamani iko katikati ya mji, siku hizi ni maktaba, makumbusho au mkahawa, na mchoro uko mahali pake juu ya meza za watu wanaokunywa kahawa. Posta nyingi za miaka ya 1930 zimeingizwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Fomu zilizotumika kuziombea nafasi hiyo ziko wazi kwa umma, na mara nyingi zinaeleza ukumbi wa posta kwa kina, mchoro ukiwemo. Kabla ya kusafiri, soma fomu.

Kuna pia ramani ya mradi wa Living New Deal (New Deal ndilo jina la mipango ya Roosevelt ya kupambana na Mdororo), ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yenye maelfu ya maeneo yaliyojengwa au kupambwa enzi zile. Ni mahali pazuri pa kuanzia, na watu wa kawaida hutuma picha na masahihisho. Lakini nyaraka zenyewe ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, College Park, Maryland, katika fungu namba 121, la majengo ya umma. Humo kuna barua za wachoraji na ofisi ya Washington, jengo kwa jengo, na picha nyeusi na nyeupe za kazi nyingi. Picha hizo zipo kwa sababu ya utaratibu wa malipo. Mchoraji alilipwa kwa awamu: rasimu ikikubaliwa, mchoro wa ukubwa kamili ukikubaliwa, kisha kazi ikishawekwa ukutani na picha yake kutumwa. Asiyetuma picha hakupata hela ya mwisho. Urasimu huo leo ndio unaotuwezesha kujua michoro iliyoharibiwa ilikuwaje.

Rasimu siyo mchoro

Barua za faili hizo ni tamu kusoma. Edward Rowan, aliyekuwa msaidizi wa Bruce, aliwaandikia wachoraji kuhusu mkono uliokaa vibaya, farasi aliyenenepa mno, anga iliyo tupu. Alisisitiza waende wakauone mji, wazungumze na watu, wachague jambo la pale: historia, kilimo, usafirishaji wa barua. Ushauri mzuri, ila safari ilikuwa ya gharama ya mchoraji mwenyewe, na kazi ndogo ya posta ya kijijini ililipa dola mia kadhaa tu. Wengine hawakwenda.

Mwaka 1939 Kitengo kiliendesha mashindano ya majimbo yote 48 ya wakati ule, posta moja kwa kila jimbo, na Desemba jarida la Life likachapisha rasimu zilizoshinda. Hapo miji mingi ndipo ilipoona kwa mara ya kwanza kitakachobandikwa kwenye ukuta wake, na kelele zikaanza. Mji wa Kellogg, Idaho, uliishi kwa machimbo. Fletcher Martin alishinda kwa rasimu ya uokoaji mgodini: wachimbaji wakimbeba mwenzao aliyeumia. Chama cha wafanyakazi kiliipenda, maana ndiyo maisha yao. Wenye migodi hawakuitaka. Kitengo kikayumba, mwishowe kikamwomba Martin abadilishe. Kinachoonekana Kellogg tangu 1941 ni mchoro wa ugunduzi, unaomwonyesha Noah Kellogg, mtafuta madini ambaye mji umebeba jina lake, pamoja na punda wa hadithi yao maarufu. Wa kifo hakuna, wa jasho hakuna. Punda hana chama cha wafanyakazi.

Kwa mfuatiliaji, Kellogg ni onyo. Vitabu na magazeti ya wakati ule yanaonyesha rasimu ambazo hazikuwahi kuchorwa. Ukiingia na picha ya rasimu mkononi, utasema mchoro umebadilishwa au umeibwa, kumbe ulizaliwa hivyo. Majina ya kazi nayo hubadilika kutoka rasimu hadi mkataba hadi kibao cha ukutani. Linganisha na picha ya faili, si na ya gazeti.

Wakati mwingine malalamiko yalikuja baada ya gundi kukauka. Watonga, Oklahoma, mwaka 1941, Edith Mahier aliweka mchoro wa bonde la Roman Nose, lenye jina la chifu wa Wacheyenne, kabila la wenyeji wa asili. Chifu Red Bird alikuja kuutazama na hakuridhika hata kidogo: Roman Nose anafanana na Mnavajo, mtu wa kabila jingine, na farasi wana shingo za batamaji. Mchoro ulibaki. Huko Kennebunkport, Maine, mambo yalikwenda tofauti. Mwaka huohuo Elizabeth Tracy alibandika mchoro wa watu wanaoogelea ufukweni, wanawake wenye miili mikubwa katika nguo za kuogelea. Wakazi wenye majina makubwa, wakiwemo waandishi Kenneth Roberts na Booth Tarkington, waliona mji wao wa manahodha umefanywa kichekesho. Walipigana hadi wakashinda. Mwaka 1945 mchoro uliondolewa, ukawekwa wa Gordon Grant wenye mambo ya merikebu. Ukisoma orodha ya zamani utamtafuta Tracy, ukifika utamkuta Grant.

Nikiambiwa nichague posta moja ya kumpeleka mtu asiyejali sanaa, nitampeleka Anadarko, Oklahoma. Mwaka 1937 kuta za posta ile zilichorwa na Wakiowa wenyewe, nao kabila la wenyeji wa asili, Stephen Mopope akiongoza, akisaidiwa na James Auchiah na Spencer Asah. Ni vipande 16 vya maisha yao: ngoma, safari, uwindaji, watu wakiwa wamevaa wanavyovaa kweli. Ukitoka Watonga ukaenda Anadarko, ndani ya jimbo moja, unaona tofauti ya mtu kuchorwa na mtu kujichora, na huhitaji mhadhara wa mtu yeyote.

Umebandikwa, haujachorwa

Watu husema "umechorwa ukutani" na huishia kuamini kwamba ukuta ukivunjwa mchoro nao umekwisha. Sehemu kubwa ya kazi za posta si hivyo. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai. Mchoraji aliifanya kwenye karakana yake, akaikunja, akaipeleka kwa treni au gari, kisha ikabandikwa ukutani kwa gundi nzito iliyochanganywa na madini meupe ya risasi. Mahali pake palikuwa pamepangwa na msanifu: ukuta wa mwisho wa ukumbi, juu ya mlango wa ofisi ya mkuu wa posta, upana wa mita tatu na nusu hivi na kimo cha mita moja na nusu. Ukitazama kwa makini utaona mlango unavyokula sehemu ya katikati ya chini, na namna mchoraji alivyolazimika kuupanga mchoro wake kuuzunguka. Wenye akili waliweka mlima au ng'ombe hapo juu ya fremu. Wengine wana watu waliokatwa magoti.

Turubai ina maana kwamba mchoro unaweza kubanduliwa, kukunjwa, kuhamishwa na kusahaulika, kama ule wa Richmond. Ile risasi nayo, kwa kuwa ni sumu, ina maana kwamba kazi ya kuubandua si ya fundi wa rangi mwenye ngazi, ni ya mtaalamu wa uhifadhi mwenye vifaa vya kujikinga. Kazi za rangi juu ya lipu mbichi, ambazo kweli zimo ndani ya ukuta, ni chache. Maarufu ni za posta kuu ya St. Louis, Missouri, zilizofanywa na Edward Millman na Mitchell Siporin, na ambazo zilikuwa kandarasi kubwa kuliko kawaida. Hizo haziendi popote.

Na usitafute rangi peke yake. Kitengo kililipia pia michongo: mbao, plasta, udongo wa kuchoma. Watu wengi hupita chini ya mchongo wa mbao juu ya mlango wakitafuta mchoro, wakatoka wakisema posta hii haina kitu.

Ni mali ya nani?

Hapa ndipo fundo lilipo. Kazi zilipokamilika zilikuwa mali ya serikali kuu, na hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni serikali yenyewe. Mwaka 1971 idara ya posta iligeuzwa kuwa shirika linalojitegemea, Huduma ya Posta ya Marekani, likachukua posta zake na vilivyomo. Majengo mengine, hasa yaliyokuwa na mahakama na ofisi nyingi chini ya paa moja, yalibaki kwa wakala wa serikali unaosimamia majengo. Kwa hiyo miji miwili jirani yenye michoro ya mkono uleule inaweza kuwa na wamiliki wawili, taratibu mbili na namba mbili za simu. Wa kumuuliza ni nani, jengo ndilo litakaloamua.

Jengo la posta likiuzwa, shirika kwa kawaida hubaki na umiliki wa mchoro hata kama ukuta umekuwa wa mtu binafsi. Mnunuzi hupokea mchoro kwa makubaliano ya kuutunza na kuuacha umma uuone. Makubaliano hayo yana nguvu kiasi gani baada ya jengo kuuzwa mara mbili au tatu ni swali ambalo mimi lingenikosesha usingizi kama ningekuwa mkazi wa mji huo. Venice, California, jengo liliuzwa mwaka 2012, na mchoro wa Edward Biberman wa historia ya mji, wa 1941, ukaenda kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles. Posta kuu ya Bronx, yenye vipande 13 vya Ben Shahn na Bernarda Bryson vya wafanyakazi wa Marekani, iliuzwa mwaka 2014. Mwaka uliotangulia jiji la New York lilikuwa limeutangaza ukumbi wake kuwa alama ya kihistoria, hatua iliyomfunga mnunuzi yeyote kabla hajafika.

Ulinzi mwingine ulikuja kwa kelele. San Francisco, katika posta ya Rincon Annex, Anton Refregier alichora historia ya California katika vipande 27 kwa dola 26,000. Alishinda mashindano mwaka 1941, vita vikachelewesha, akamaliza 1948, miaka mitano baada ya Kitengo kufa. Hakuchora dhahabu na treni tu. Alichora Wachina wakipigwa na umati, alichora mgomo wa makuli wa bandarini wa 1934. Mwaka 1953 mbunge Hubert Scudder alipeleka hoja bungeni kutaka michoro yote iondolewe, akidai ina harufu ya ukomunisti. Makumbusho, wasanii na magazeti ya San Francisco yalisimama upande wa pili, hoja ikafia kwenye kamati. Posta ilipohamishwa, jengo likaingizwa kwenye rejista ya taifa mwaka 1979. Leo ni sehemu ya jumba la biashara na makazi, na ukumbi umeachwa na michoro yake.

Zilizo nyuma ya pazia

Kuna michoro ambayo ipo, inajulikana ilipo, na bado huwezi kuiona. Aiken, South Carolina, mwaka 1938, Stefan Hirsch aliweka ndani ya mahakama mchoro wa Haki kama mwanamke mwenye ngozi ya kahawia. Jaji Frank Myers hakutaka kukaa chini ya mwanamke huyo, likawekwa pazia, na pazia likakaa miongo. Washington, katika jengo lililokuwa makao makuu ya posta, Frank Mechau alichora shambulio la Wahindi Wekundu dhidi ya gari la barua, wanawake wazungu wakiwa uchi wanachunwa ngozi ya kichwa. Ulilalamikiwa ulipowekwa, na ulipoingia mwaka 2000 wafanyakazi wenye asili ya makabila hayo, ambao ofisi zao zilikuwa humo, wakaulalamikia upya. Ukawekewa kizuizi.

Jengo hilohilo lina mchoro wa Rockwell Kent wa 1937, wenye sehemu mbili: barua ikiondoka Alaska kwa sledi, gari la kuburutwa juu ya theluji, barua ikipokelewa na wanawake wa Puerto Rico. Kent aliandika maneno kwenye barua yenyewe, kwa lahaja ya Waeskimo ambayo ofisini hapakuwa na mtu wa kuisoma. Ilipotafsiriwa na mpelelezi wa maeneo ya ncha ya kaskazini, Vilhjalmur Stefansson, ikawa ni ujumbe wa kuwatia moyo Wapuerto Rico: tubadilishe machifu, hilo peke yake ndilo litakalotufanya sawa na huru. Magazeti yalisherehekea. Hazina haikusherehekea.

Mwaka 2020, baada ya mauaji ya George Floyd, shirika la posta lilifunika michoro kadhaa inayoonyesha watu weusi au wenyeji wa asili kwa namna ya kudhalilisha. Mmojawapo uko Catonsville, Maryland, kazi ya Avery Johnson ya 1942 ya historia ya mji, ambamo Waafrika watumwa wanahangaika na mapipa ya tumbaku huku wenye mali wakisimama. Mimi siwalaumu waliotaka ufunikwe. Mtu anayekwenda kununua stempu hakuomba kumtazama babu yake akisukuma pipa. Kinachonisumbua ni plastiki isiyo na maelezo. Ukikuta ukuta uliofunikwa bila neno lolote, mjini hubaki uvumi tu: mmoja atasema umeharibiwa, mwingine atasema uko New York. Kibao chenye aya moja kingetosha.

Siku ya kwenda

Nenda siku ya kazi. Posta nyingi huacha ukumbi wa masanduku wazi hata kaunta ikiwa imefungwa, lakini mchoro huwa upande wa kaunta, na usiku geti la chuma linashushwa katikati. Simu ya mapema inasaidia, ila usiulize "mna mchoro wa New Deal?" Uliza kama kuna picha kubwa ya zamani juu ya mlango wa ofisi ya mkuu. Swali la kwanza hujibiwa hapana na watu wanaoipita kila siku.

Kabla ya kutoa simu kupiga picha, omba ruhusa kwa mkuu wa posta. Masharti ya tabia katika majengo ya posta yamebandikwa ukumbini, na picha zisizo za habari zinategemea idhini yake. Ukiomba kwa heshima na ukisubiri foleni iishe, wengi hukubali, na wengine hukuonyesha faili la kijani lenye vipande vya magazeti ambalo lilikuwapo kabeti moja tangu mkuu wa posta wa tatu kabla yake. Piga picha ya mchoro mzima kwanza, kisha sahihi na mwaka, ambavyo mara nyingi viko kona ya chini kulia, kisha kingo. Kingo ndizo zinazosema ukweli: turubai iliyoanza kuinuka, alama ya maji kutoka darini, mstari wa rangi mpya ya ukuta uliopanda juu ya mchoro sentimita mbili. Simama pembeni ili taa isirudi kwenye vanishi.

Ukimaliza, soma matangazo yaliyobandikwa karibu na masanduku. Sheria ya taifa ya 1966 ya kuhifadhi mambo ya kihistoria ndiyo inayotawala utaratibu wa kuuza majengo haya, na shirika hutangaza kabla ya kuuza na kupokea maoni kwa muda maalumu. Tangazo huwa karatasi moja, maandishi madogo, kati ya picha za watu wanaotafutwa na bei mpya za vifurushi. Likiwapo, lipige picha pia, andika tarehe ya mwisho ya maoni, na uwapelekee jumuiya ya historia ya mji siku hiyohiyo.